Njoroge Alikuja Mara Mbili

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya nitakayokuambia hayakumpata jirani yangu wala shemeji wa jirani yangu. Yalinipata mimi, mchana, nikiwa nimeshiba na nina akili zangu zote, ndani ya karakana yangu kule Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret. Sikuwa nimelewa, pombe sijawahi kuonja. Mke wangu aliona sehemu yake kwa macho yake mwenyewe, na mtu mwingine, ambaye utamjua, aliona sehemu iliyobaki. Mimi ni mtu wa kanisa, na hadithi za mapepo huwa naondoka zikianza. Lakini hii nitaiondokea niende wapi?

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, enzi ya chama kimoja. Kama umezaliwa juzi huwezi kujua vile watu walivyokuwa wakizungumza siku hizo. Ulizungumza ukiangalia mlango.

Mimi ni seremala. Kwetu ni upande wa Bungoma, lakini nilikuja Eldoret nikiwa kijana, nikafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, nikajifunza, kisha nikafungua karakana yangu. Rafiki yangu alikuwa Njoroge. Wazazi wake walihamia kutoka Nyeri wakapata kashamba Yamumbi, na yeye alikuwa fundi wa redio. Aliita "ledio". Ulimi wake uliikataa kabisa ile herufi ya kwanza, nami nilimcheka kwa hilo miaka sita mfululizo bila yeye kukasirika hata siku moja. Mtu mrefu, mwembamba, na koti moja la kahawia la mvua na jua. Tuliitana "Fundi", mimi na yeye. Kila mmoja alimwita mwenzake Fundi, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Sasa nikueleze kazi yetu, kwa sababu bila kazi hiyo haya mengine hayangetokea.

Wakati huo ukienda mkutano wowote wa nje, iwe harusi, injili au harambee, sauti ilitoka kwenye zile honi za bati zinazofungwa juu ya mti. Maneno ulisikia, lakini besi hukusikia. Mpiga gitaa la besi angeweza kupiga mpaka vidole vitoke damu, na wewe uliye nyuma ungeona tu mkono ukitembea. Sauti nzito ikitoka nje inaliwa na upepo.

Njoroge alipata gazeti kuukuu la mafundi kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama shamba lake. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa sanduku la besi ambalo sijawahi kuona mfano wake. Spika haikai usoni kama kwenye sanduku la kawaida. Inafichwa ndani kabisa, na mbele yake kuna koo jembamba. Kutoka hapo njia inapanuka pole pole, inajikunja mara mbili ndani ya sanduku, mpaka inatokea mbele na mdomo mpana ambao mtoto anaweza kuingia akalala.

"Ni tarumbeta," Njoroge aliniambia, kidole chake juu ya mchoro. "Tarumbeta imekunjwa ikaingia kwa sanduku. Spika inasukuma hewa kidogo tu, hii pembe inaifanya inakuwa nyingi."

Na hilo ndilo lililotufaa, maana nguvu ya umeme hatukuwa nayo. Uwanjani hakuna stima. Una jenereta ndogo ya kuazima na maombi. Amplifaya Njoroge alitengeneza mwenyewe. Transfoma aliisuka kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, juu ya chuma alichokitoa kwenye mashine ya kulehemu iliyoungua. Transista alizifunga kwenye vipande vinene vya alumini ili zisife kwa joto. Kwa masanduku ya kawaida, amplifaya ile ingesikika hadi mlangoni. Kwa pembe, ingefika kijiji cha pili.

Lakini pembe haina huruma kwa seremala. Kila ubao wa ndani una mteremko wake, na ukiacha ufa hata wa kupitisha kucha, hewa inatoroka pale na besi inageuka kikohozi. Njoroge alikuwa akivuta sigara na kupuliza moshi kwenye koo la sanduku, mimi natafuta unapotokea, napaka gundi, tunarudia. Tena sanduku moja halitoshi. Mdomo wake ni mdogo kwa ile sauti ya chini kabisa. Unahitaji manne, yabebane mawili juu ya mawili, midomo minne iwe mdomo mmoja.

Siku tulipowasha lile la kwanza, mabati ya kinu cha posho cha jirani yalitetemeka na vikombe vya Mama Wafula, mke wangu, vikatembea vyenyewe mezani. Niamini, tulikumbatiana kama watoto. Tukaketi chini kwenye takataka za randa, na kwa furaha ile kila mmoja akamfungulia mwenzake moyo. Mimi nilimwambia kitu ambacho mtu wa tatu hakuwa akikijua isipokuwa mke wangu: kwamba Wafula, kijana wangu wa kwanza, hakuwa damu yangu. Mama yake nilimwoa akiwa na mimba ya mtu aliyemkimbia, na mtoto nikampokea, nikampenda, nikampa jina la baba yangu. Njoroge akasikiliza. Kisha naye akaniambia lake: kwamba alikuwa akipokea zile karatasi za siri za kuisema serikali zilizokuwa zikisambazwa miaka ile, na alizificha ndani ya redio mbovu nyumbani kwake. Ukikutwa na karatasi moja tu, ulikuwa unapotea. Hivyo mimi nilishika maisha yake na yeye akashika ya nyumba yangu. Hatukuyataja tena.

Basi tukapata kazi kubwa: harambee ya kujenga shule kule Cheptiret, siku ya Jumamosi. Kwaya kumi na mbili, bendi moja, mgeni wa heshima. Tulijua masanduku yetu yakinguruma pale, hakuna sherehe kutoka Turbo hadi Burnt Forest itakayofanyika bila sisi. Ili kuweka vipaza sauti uwanjani ulihitaji kibali, kwa hivyo Jumatatu nilikwenda ofisi ya D.O., yule mkuu wa tarafa, nikakaa kwenye benchi kutwa nzima, watu wakinipita na kunisalimia. Njoroge ndiye aliyenituma. Jumanne asubuhi yeye akaondoka kwenda Nakuru kutafuta transista za amplifaya ya pili. "Nitarudi Alhamisi jioni," akasema. "Wewe maliza lile la nne."

Jumatano, kama saa tisa mchana, nilikuwa peke yangu karakanani nikifunga ubao wa mwisho wa sanduku la nne. Ilikuwa Julai, na baridi ya Eldoret ya Julai unaijua. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi. Nikasikia nyuma yangu:

"Fundi."

Nikageuka. Njoroge amesimama mlangoni na koti lake.

"Wewe! Si ulisema Alhamisi?"

"Nakuru imeisha haraka."

"Na transista?"

"Zinakuja," akasema, akaingia. "Nikushikie hiyo?"

Akanishikia ubao, mimi nikakaza skrubu. Tulifanya kazi hivyo labda nusu saa, vizuri kabisa, kama siku zote. Alijua mahali pa kuweka mkono bila kuambiwa. Wewe ungejua? Ungejuaje? Nimejiuliza swali hilo mpaka nimechoka nalo. Koti lilikuwa lake, jino la mbele lililovunjika lilikuwa lake, hata ulimi ulikuwa wake. Aliniuliza kama Mzee Kiprono, yule mwenye duka, amepata betri za ledio. Za ledio!

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Pembe iliyokamilika ukizungumza mdomoni mwake inakujibu. Inachukua sauti yako, inaizungusha tumboni, inakurudishia nzito kuliko ulivyoitoa. Watoto wa mtaa walikuwa wakija kupiga kelele ndani yake kwa ajili hiyo. Njoroge aliinama, akaingiza kichwa kwenye sanduku la tatu, lililokuwa tayari, akasema, "Hii imetoka vizuri." Na sanduku halikujibu. Sauti iliingia ikafa pale pale, kama mtu amesema ndani ya blanketi. Mimi seremala mjinga nikawaza nini? Nikawaza nimeacha ufa mahali. Nikasema moyoni, akiondoka nitalipima tena kwa moshi.

Kisha akaketi juu ya rundo la mbao, akaniangalia.

"Ile habari ya Wafula," akasema.

Mkono wangu ukasimama. "Habari gani?"

"Ile. Nimeisema."

"Umeisema kwa nani?"

"Pale dukani, kwa wote. Nimewaambia mtoto si wako. Wanajua hata jina la baba yake."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia usoni nitafute ule mzaha, na sikuuona. Alikuwa ametulia kama mtu anayesoma bei ya misumari.

"Njoroge, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa kwa nini?"

"Nimechoka kukutunzia," akasema. Akatabasamu lile tabasamu lake nililolipenda, akainuka, akapangusa koti, akatoka.

Mke wangu alikuwa akija na chai. Walipishana naye uani, karibu hivi, mkono kwa mkono. Alimwita Njoroge kwa jina la bintiye, "Baba Wanjiku, chai je?" na yeye hakugeuka. Mama Wafula akaingia akaniuliza kama tumekosana. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa na bisibisi mkononi na sikujua ni ya kazi gani.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Kiprono, na vumbi langu la mbao. Walikuwapo wanaume wanne barazani wamejikinga mvua, na nilipokaribia mmoja akasema neno na wote wakacheka. Hilo likanitosha.

"Mnacheka nini?" nikapiga kelele. "Nani hapa hajui kama Wafula si mtoto wangu? Kama kuna mmoja hajui, mwambieni! Si Njoroge amewaambia?"

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Kiprono akaweka chini mfuko wa sukari aliokuwa akipima.

"Kijana yangu," akasema, "enda nyumbani. Enda ulale kidogo."

Nikaona wananionea huruma, na huruma yao ikanichoma zaidi ya kicheko. Nikaondoka.

Alhamisi jioni, Njoroge akaja tena. Hakuja kwa miguu. Alikuja na pikapu ya binamu yake, akashuka bila kusalimia, akaingia karakanani na kuanza kubeba amplifaya. Macho yake yalikuwa mekundu kama mtu asiyelala.

"Unapeleka wapi hizo?" nikamuuliza.

"Usiniongeleshe. Umeniuza."

"Mimi nimekuuza? Wewe ndiye umeniuza!"

"Usinigeuzie maneno! Si umeniambia jana mwenyewe na mdomo wako?"

"Jana wewe ndiye umeniambia! Hapa hapa, umekaa juu ya mbao hizi!"

Nilidhani ananirudishia maneno yangu kwa dharau, vile watoto hufanya wakigombana. Kumbe naye aliniwazia hivyo hivyo. Tukatukanana mambo ambayo sitayarudia, yeye kwa kikwao na mimi kwa kikwetu, ili yaume vizuri. Mama Wafula alisimama mlangoni akilia, akisema, "Baba Wanjiku, jana umepita hapa hukunisalimia, nini mbaya?" Njoroge akamwangalia kama mwanamke mwongo, akasema, "Hata wewe, mama?" Akapanda gari.

Jumamosi sikwenda Cheptiret. Niliambiwa walitumia honi za bati. Masanduku yangu manne yalibaki yamebebana karakanani, mazuri kupita kazi yoyote niliyowahi kufanya, na hayakuwa na nguvu ya kuyaendesha. Na huko Yamumbi, kabla ya wiki kwisha, Njoroge alimchukua mkewe na watoto wakahama usiku bila kuaga mtu. Nikasema, unaona? Mwenye haki hakimbii.

Sasa sikiliza yaliyofuata nyumbani kwangu, maana haya ndiyo yanayonilaza macho wazi. Habari ya Wafula ilienea Kiplombe yote. Wanawake walimnyamazia mke wangu pale mferejini wakiteka maji. Siku moja kijana mwenyewe, akiwa na miaka minane, akatoka shuleni na sare imechanika, akasimama mbele yangu akauliza, "Baba, baba yangu ni nani?"

Unajua nilimjibu nini? Mtoto niliyembeba mgongoni akiwa na surua, niliyemchongea gari la mbao la magurudumu sita? Nilimwambia, "Nenda ukamuulize Njoroge."

Alikwenda akaketi nje kwenye mvua. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Miaka tisa ikapita. Vyama vingi vikarudi, watu wakaanza kuzungumza bila kuangalia mlango. Siku moja asubuhi mwanamke mmoja akaingia karakanani kwangu, amezeeka usoni, na ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Mama Wanjiku, mke wa Njoroge.

Hakuketi nilipompa kiti. "Baba Wafula," akasema, "mume wangu amenituma. Anasema sasa haogopi tena. Anataka kukuuliza neno moja tu, uso kwa uso, halafu mwachane kabisa."

Karibu nimfukuze. Lakini mimi pia nilikuwa na neno langu moja la kuuliza, nimelibeba miaka tisa. Nikaenda naye.

Waliishi chumba kimoja pembeni mwa Nakuru. Njoroge alikuwa akiuza mboga, kwa jina ambalo halikuwa lake. Hakuwa amegusa redio tangu alipoondoka Eldoret. Nilipoingia alisimama, na hatukupeana mikono. Mama Wanjiku akabaki mlangoni.

"Niambie tu," Njoroge akasema. "Nilikukosea nini mpaka ukanipeleka kwa D.O.?"

"Mimi? D.O. gani?"

"Usianze. Ulinifuata hadi hapa Nakuru kuniambia. Nilikuwa nje ya lile duka la spea, na mfuko wa transista mkononi. Nikakuona umekuja na ovaroli yako, vumbi la mbao kwa nyusi. Nilifurahi sana! Nikasema, Fundi amekuja kunisaidia kubeba. Ukaniambia ile Jumatatu ulienda kwa kibali ukataja jina langu. Karatasi, ile ledio, kila kitu. Ukaniambia wananingoja Jumamosi uwanjani."

"Njoroge, mimi sijawahi kufika Nakuru kabla ya leo."

"Nilikuona!"

"Siku gani?"

"Jumatano. Kama saa tisa."

Nikaketi bila kukaribishwa. Nikamwambia, "Jumatano saa tisa ulikuwa kwangu. Ulinishikia ubao wa sanduku la nne."

"Nilikuwa hapa! Yule mwenye duka la spea alikufa, lakini watoto wake wapo, waulize!"

"Mke wangu alikuona."

Mama Wanjiku akasema kutoka mlangoni, pole pole, "Baba Wanjiku aliniambia siku tukihama kwamba mkeo alidai kumwona. Alisema Mama Wafula ameingizwa kwenye uongo."

Tukaangaliana, mimi na Njoroge. Kisha nikamuuliza swali ambalo sikutaka jibu lake. "Ulipomuuliza huyo mtu kwa nini amekuuza, alikujibu nini?"

"Si unajua ulichojibu."

"Niambie."

"Ulisema umechoka kunitunzia."

Nakumbuka mtoto wa jirani alikuwa akipiga sufuria nje, na hakuna kati yetu aliyemsikia mpaka Mama Wanjiku alipomfokea. Hakuna askari aliyewahi kumtafuta Njoroge. Hakuna aliyewahi kuandika jina lake popote. Miaka tisa alijificha kutoka kwa watu wasiomtafuta, na akaacha kazi aliyopewa na Mungu.

Na mimi? Hapo ndipo nilipouona uso wa Mzee Kiprono tena, akiweka chini mfuko wa sukari. Hawakuwa wakijua. Wanaume wale wanne barazani walicheka kitu chao. Siri ya Wafula niliitoa mimi, kwa mdomo wangu, kwa sauti ya juu, mbele ya duka. Kile kiumbe kilichovaa uso wa Njoroge hakikumwambia mtu yeyote. Kule Kiplombe kilinijia mimi tu, kikaniacha nimalize kazi.

Utaniuliza kilikuwa nini. Mchungaji alisema ni pepo la fitina. Mama mkwe wangu alisema kuna mtu aliyetuonea wivu kwa yale masanduku akaenda kwa mganga kututengeneza. Mzee mmoja wa Kiplombe aliniambia tu nisilitaje sana jambo hilo. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba kilikuwa na mkono, maana ubao ule kiliushika na skrubu zikaingia sawasawa.

Labda unadhani baada ya hapo tulikumbatiana na mambo yakaisha. Tulikumbatiana, ndiyo. Tulilia pia. Njoroge alirudi Yamumbi na jina lake, na leo tunatembeleana. Lakini niamini nikikuambia hivi: hatujawahi tena kukaa chumba kimoja tukiwa wawili peke yetu. Hatukukubaliana tufanye hivyo, inatokea tu. Akija, namwita mke wangu aketi nasi. Nikienda kwake, Mama Wanjiku haondoki. Najua kwa akili yangu kwamba hakuniuza, na yeye anajua mimi sikumuuza. Lakini uso ule, uso wake, niliuona ukiniambia yale maneno na kutabasamu. Hata yeye aliuona wangu. Masikio unaweza kuyaambia yalidanganywa. Macho hayasikii.

Wafula sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Kitale. Nilimweleza yote haya, kila neno, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Akiniletea sukari na majani ya chai huwa ananisalimia vizuri sana. Ananiita Mzee. Kuniita Baba aliacha ile siku ya mvua.

Kwa hivyo nakuonya, wewe unayenisikiliza ukiwa na rafiki unayemwamini. Siku atakapokujia kabla ya wakati aliosema, na akakuambia jambo la kukukata moyo huku ametulia, usimjibu. Usikimbie dukani. Weka chini ulichoshika, ungoje. Kesho yake nenda mpaka kwake, mkute na mkewe na watoto wake, mwombe arudie neno hilo mbele yao wote, na umsikilize mpaka mwisho hata kama anakutukana.

Mimi nilikuwa na siku nzima ya kufanya hivyo, kutoka Jumatano hadi Alhamisi jioni. Na alipokuja kweli, amesimama mbele yangu na macho mekundu, sikumuuliza.